Jinsi ya kutabiri kama muungano tawala wa Japani utabaki na wingi katika Baraza la Juu

Tarehe 20 Julai 2025 muungano wa LDP (Liberal Democratic Party, chama kikuu cha kihafidhina) na chama kidogo cha Komeito ulihitaji viti 50 tu, kati ya 125 vilivyogombewa, ili ubaki na wingi katika Baraza la Juu la Bunge la Japani. Ulipata 47. Aliyeitazama hesabu hiyo juu juu aliona mteremko: viti 50 ni asilimia 40, na muungano huohuo ulikuwa umezoa 76 miaka mitatu nyuma. Aliyekaa chini na kalamu aliona mlima kabla kampeni hazijaanza.

Kazi hii haihitaji ujuzi wa ajabu. Inahitaji kuhesabu viti kwa mpangilio sahihi, kujua vipi vinatikisika na vipi havitikisiki, na zaidi ya yote kukumbuka kwamba vinavyotikisika huanguka pamoja. Hapo kwenye kuanguka pamoja ndipo watabiri wengi huumia, kwa hiyo ndipo tutakapokaa zaidi.

Hesabu kwanza viti visivyogombewa

Baraza la Juu lina viti 248. Mjumbe hukaa miaka sita, na nusu ya viti hugombewa kila baada ya miaka mitatu. Kwa kawaida basi hugombewa 124: vya majimbo 74 na vya orodha ya kitaifa ya uwiano 50. Mwaka 2022 na 2025 vilikuwa 125 kwa sababu kiti kilichobaki wazi kilijazwa siku hiyohiyo, Kanagawa mara ya kwanza, Tokyo mara ya pili. Mshindi wa mwisho katika jimbo la namna hiyo humalizia miaka mitatu tu, hivyo kiti chake kitarudi ulingoni kwenye uchaguzi unaofuata. Kiandike pembeni usije ukakisahau.

Wingi ni 125. Toa idadi ya wajumbe wa muungano ambao muda wao haujaisha, yaani akiba; kinachobaki ndicho shabaha. Kabla ya uchaguzi wa 2025, LDP ilikuwa na wajumbe 62 wasiogombea na Komeito 13, jumla 75. Shabaha ikawa 50. Mwaka 2022 akiba ilikuwa 70, shabaha 55, na muungano ukavuna 76.

Mtego wa kwanza uko hapa. Usichukue matokeo ya miaka mitatu iliyopita ukayaita akiba. LDP ilishinda viti 63 mwaka 2022, lakini iliingia 2025 ikihesabiwa 62. Watu hufariki, hujiuzulu, huhama chama, hufukuzwa, hugombea ugavana. Chukua orodha ya wajumbe wa sasa ya Bunge lenyewe, uhesabu jina kwa jina.

Kisha kuna suala la spika. Katiba inasema hoja huamuliwa kwa wingi wa waliohudhuria, na kura zikilingana mwenyekiti wa kikao ndiye huamua. Kwa desturi spika hapigi kura nyingine. Kwa hiyo muungano wenye viti 125, spika akiwa wake, hupiga kura 124 dhidi ya 123 na kupita salama. Wenye 124 huku spika akiwa wake hushindwa. Ukiwa na 124 na spika ametoka upinzani, unashinda. Ni kesi adimu, ila ubashiri wako ukikaribia 124 au 125 itakubidi uijue.

Liandike swali kabla ya kulijibu

"Watabaki na wingi?" ni swali linaloteleza. Wingi wa vyama gani, siku gani, na wagombea huru wanaojiunga baadaye wanahesabiwa? Mwaka 2016 LDP ilishinda viti 55, kisha mgombea huru mmoja akapewa baraka za chama baada ya matokeo na idadi ikawa 56. Shabaha ikiwa imekosekana kwa kiti kimoja, jambo kama hilo hubadilisha jibu zima. Hata muungano wenyewe si jiwe: Komeito ilijitoa Oktoba 2025 baada ya kushirikiana na LDP kwa zaidi ya robo karne, na LDP ikafunga makubaliano na chama kingine, Ishin. Andika sentensi moja yenye majina ya vyama, idadi ya viti na tarehe ya kuhesabu. Kama unabashiri pamoja na wenzako, fanyeni hivyo kabla ya mtu yeyote kutaja asilimia.

Baada ya hapo tafuta kiwango cha kuanzia. Tangu 1989 hadi 2025 zilifanyika chaguzi 13 za baraza hili. Katika 10 kati ya hizo serikali iliingia ikiwa na wingi: 1989, 1995, 2001, 2004, 2007, 2010, 2016, 2019, 2022 na 2025. Iliupoteza mara nne: 1989, 2007, 2010 na 2025. Ndiyo kusema, hata kabla hujasoma kura yoyote ya maoni, uwezekano wa kupoteza si asilimia 5 wala 10. Ni kama nne kwa kumi. Anayeanza na "LDP haishindwi Japani" ameanza vibaya.

Vikapu vitatu

Gawa viti vinavyogombewa katika vikapu vitatu, kwa sababu kila kimoja kina tabia yake:

Majimbo ya kiti kimoja: 32.
Majimbo ya viti vingi: 13, yenye viti 42 kwa jumla (mwaka 2025 vilikuwa 43).
Orodha ya kitaifa: viti 50.

Tazama mavuno ya LDP na Komeito kwa pamoja. Mwaka 2022 walipata 28 katika kikapu cha kwanza, 24 cha pili na 24 cha tatu, jumla 76. Mwaka 2025 walipata 14, 17 na 16, jumla 47. Walipoteza viti 29, na karibu nusu yake, 14, ilitoka kwenye majimbo ya kiti kimoja. Saba vilitoka majimbo ya viti vingi, vinane kwenye orodha ya kitaifa. Ukiwa na saa tatu za kazi, tumia mbili kwa kikapu cha kwanza.

Orodha ya kitaifa

Tuanze na kilicho rahisi. Mpigakura huandika kwa mkono jina la chama au la mgombea aliye kwenye orodha. Yote mawili huhesabiwa kwa chama. Viti hugawanywa kwa njia ya d'Hondt: kura za kila chama hugawanywa kwa 1, 2, 3 na kuendelea, halafu majibu 50 makubwa kuliko yote huchukua viti.

Mwaka 2025 kiti cha mwisho kiligharimu kura kama milioni 1.05. Komeito ilipata kura milioni 5.21. Gawa kwa 4, unapata milioni 1.30: kiti kipo. Gawa kwa 5, unapata milioni 1.04: kiti hakipo, na kura zilizopungua hazikufika laki moja. Kwa njia ya mkato, gawa asilimia ya kura za chama kwa 1.8 au 1.9, uache desimali. LDP ilipata asilimia 21.6, ambayo ni viti 12. Mwaka 2022 ilipata 34.4, na viti 18. Njia hii hukosea kiti kimoja hivi, na hakuna haja ya kuipamba zaidi.

Tatizo haliko kwenye mgawanyo ila kwenye asilimia unayoingiza. Kura za maoni za Japani huuliza maswali mawili yanayofanana kwa sura: "unaunga mkono chama gani?" na "kwenye orodha ya kitaifa utakipigia chama gani?" Wageni huchanganya. Swali la kwanza hupima mazoea. Watu wengi hujibu kwamba hawana chama, na wanapofika kituoni hawagawanyiki sawasawa. Tumia swali la pili pekee. Wasioamua wagawe kwa namna tatu tofauti: kwa uwiano wa waliokwisha kuamua, kisha upinzani ukiwekwa mbele kidogo, kisha upinzani ukiwekwa mbele sana. Tofauti kati ya jibu la kwanza na la tatu ndiyo upana halisi wa makosa yako. Mara nyingi ni viti vitatu au vinne.

Komeito ihesabu peke yake. Kura zake hutegemea mtandao wa waumini wa Soka Gakkai, jumuiya ya Kibudha, wapigakura wanaojitokeza mvua inyeshe jua liwake, lakini ambao wanazeeka. Kutoka karibu kura milioni 9 katika uchaguzi wa Baraza la Chini wa 2005 ilishuka hadi milioni 6.18 mwaka 2022, kisha 5.21. Mteremko kama huo unaweza kuuchora kwa rula. Tena, idadi yake haipandi watu wengi wanapojitokeza, kwa hiyo asilimia yake hupungua hata pale ambapo hakuna mfuasi wake aliyebaki nyumbani.

Majimbo ya viti vingi

Ibaraki, Shizuoka, Kyoto na Hiroshima yana viti viwili kila moja. Hokkaido, Chiba, Hyogo na Fukuoka vitatu. Saitama, Kanagawa, Aichi na Osaka vinne. Tokyo sita. Kila mpigakura huandika jina moja tu, na wenye kura nyingi huingia.

Kwa hiyo LDP ina kama kiti kimoja cha uhakika karibu kila mahali, na swali ni cha pili. Mwaka 2025 ilipata kimoja katika majimbo 11, viwili Hokkaido, na sifuri Osaka, ambako Ishin imetawala siasa kwa miaka mingi. Chama kikisimamisha watu wawili jiulize kama kura zao zinatosha wote wawili. Tokyo mwaka huo LDP ilisimamisha wawili: mmoja, bingwa wa zamani wa kuogelea, aliongoza jimbo zima, na mwenzake aliyewahi kuwa waziri wa afya akakosa kiti. Kura zilikuwepo, zilirundikana upande mmoja. Chiba nako wawili walisimama, mmoja akarudi nyumbani.

Kanuni ya haraka: gawa 100 kwa idadi ya viti jumlisha moja. Jimbo la viti vitatu, anayevuka asilimia 25 hawezi kukosa. La vinne, 20. Wagombea wakiwa wengi, kiti cha mwisho huchukuliwa kwa asilimia ndogo zaidi ya hiyo, kwa hiyo mgombea wa Komeito mwenye kura zisizobadilika huwa salama hadi anapotokea chama kipya chenye kishindo. Mwaka 2025 Komeito ilisimamisha wagombea wa majimbo saba na kupoteza matatu: Saitama, Kanagawa na Aichi. Katika yote matatu Sanseito, chama kipya cha mrengo wa kulia, ilishinda kiti. Ukiona chama kipya kinavuka asilimia 10 kitaifa, nenda moja kwa moja kwenye majimbo ya viti vinne uangalie ni nani anayeshika nafasi ya mwisho.

Majimbo ya kiti kimoja, penye moto

Wajapani huyaita ichininku. Mengi ni ya mashambani, na siku za kawaida ni ngome za LDP. Tazama mfululizo wake: mwaka 2007 LDP ilishinda 6 kati ya 29. Mwaka 2010, 21 kati ya 29. Mwaka 2013, 29 kati ya 31. Kisha 21, 22 na 28 kati ya 32 kwa miaka 2016, 2019 na 2022. Mwaka 2025, 14.

Soma tena namba hizo taratibu. Kikapu hiki kimewahi kutoa 6 na kimewahi kutoa 29, katika miaka sita tu. Hakuna kikapu kingine kinachopepea hivyo.

Kwa kila jimbo andika mambo manne kwenye mstari mmoja: pengo la asilimia kati ya LDP na mpinzani mara ya mwisho nusu hii ya viti ilipogombewa, nani anatetea, wapinzani wangapi wa maana wapo, na kama kuna mgombea anayekula kura za LDP kutoka upande wake mwenyewe. La nne hupuuzwa, na ndilo lililoleta maafa 2025. Sanseito ilisimamisha wagombea katika majimbo yote 45. Haikushinda hata jimbo moja la kiti kimoja, viti vyake saba vya majimbo vilitoka kwenye ya viti vingi, lakini mgombea wake akichukua sehemu ya kura za wahafidhina, pengo la LDP la pointi nane linaweza kuyeyuka bila mpinzani mkuu kuongeza kura nyingi. Wakayama shida ilikuwa ya kifamilia zaidi: mgombea huru mwenye mizizi ndani ya LDP alimshinda mgombea rasmi wa LDP.

Kuhusu wapinzani kuungana nyuma ya mgombea mmoja: kunasaidia, ila si ufunguo wa kila mlango. Mwaka 2016 na 2019 waliungana katika majimbo yote 32, na LDP ikashinda 21 na 22. Mwaka 2025 waliungana katika takriban nusu tu, na LDP ikashinda 14. Hali ya hewa ya kitaifa ilikuwa na nguvu kuliko mapatano ya vyama. Mchele ulikuwa umevuka yeni 4,000 kwa kilo tano, upinzani uliahidi kupunguza kodi ya matumizi, serikali ikaahidi yeni 20,000 taslimu kwa kila mtu, na ahadi hiyo haikumsisimua mtu.

Baada ya mambo hayo manne, soma taarifa za magazeti. Magazeti makubwa na mashirika ya habari huwapigia simu wapigakura wa kila jimbo na kuchapisha hali ya ushindani, kwa kawaida mwanzoni mwa kampeni na tena katikati au kuelekea mwisho. Asilimia za jimbo mara nyingi hawazichapishi. Wanatumia maneno, na maneno hayo yana daraja: anaongoza kwa uhakika, ametangulia, ametangulia kidogo, wanakabana, anafukuza. Wakiandika kwamba wawili wanakabana, anayetajwa kwanza kwa kawaida ndiye aliye mbele kwa unywele. Geuza maneno kuwa uwezekano. Kama mahali pa kuanzia tumia 0.95, 0.8, 0.65, 0.55 kwa anayetajwa kwanza na 0.45 kwa anayetajwa wa pili, na 0.2 kwa anayefukuza. Chukua magazeti mawili au matatu, toa wastani. Yakitofautiana sana, usichague unalolipenda, weka 0.5 uendelee.

Kosa la kujumlisha tu

Tuseme umemaliza na majimbo 32 yamegawanyika hivi: manane yana 0.9, manane 0.7, manane 0.4, manane 0.15. Jumla ya matarajio ni 17.2. Ongeza viti 16 vya orodha na 18 vya majimbo ya viti vingi: 51.2. Shabaha ni 50. Je, uwezekano wa kubaki na wingi ni ngapi?

Ukichukulia kwamba kila jimbo ni sarafu inayorushwa peke yake, mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi matokeo yanavyotawanyika kuzunguka wastani) wa majimbo 32 ni 2.3. Weka 1.5 kwa kila kikapu kingine, na wa jumla unakuwa 3.1. Hapo uwezekano wa kufika 50 ni kama asilimia 70. Wastani ukiwa 45 badala ya 51.2, uwezekano ni asilimia 8 tu.

Lakini majimbo si sarafu. Mpigakura wa Akita na wa Ehime wanatazama taarifa ya habari ileile na kununua mchele wa bei ileile. Kura za maoni zikimzidishia LDP pointi tatu, zinamzidishia karibu kila mahali kwa wakati mmoja. Mwaka 2025 LDP ilishinda jimbo moja tu kati ya sita ya kanda ya Tohoku, nalo ni Fukushima, na ikakosa yote matatu ya kanda ya Shikoku. Mchepuko wa jumla ulio karibu na ukweli katika uchaguzi huu ni 6 hadi 8. Weka 7. Matarajio ya 51.2 sasa yanatoa asilimia 60 badala ya 70. Na ya 45 yanatoa asilimia 26 badala ya 8. Namba zote mbili zimevutwa kuelekea katikati, na ya pili imepanda zaidi ya mara tatu. Mtu anayetangaza kwa asilimia 92 kwamba wingi utapotea kwa matarajio ya viti 45 hajakosea kuhesabu viti, amesahau tu kwamba makosa yake yote yana mama mmoja.

Njia nzuri ni kuigiza uchaguzi kwenye Excel. Kila jimbo lipewe pengo linalotarajiwa kwa pointi. Kila mzunguko, vuta kosa moja la kitaifa linaloingia majimbo yote (mchepuko wa pointi 4), kosa moja kwa kila kanda (2), na kosa la jimbo lenyewe (5). Fomula ni NORM.INV(RAND(),0,4) na ndugu zake. Jumlisha, hesabu majimbo yenye pengo chanya, kisha tumia kosa lilelile la kitaifa kusogeza asilimia ya orodha ya kitaifa na viti vya pili vya majimbo ya viti vingi. Rudia mara 10,000. Sehemu ya mizunguko iliyofika shabaha ndiyo jibu lako. Kosa la kawaida hapa ni kuvuta kosa la kitaifa upya kwa kila jimbo. Fomula ikinakiliwa chini kwenye safu bila kufunga seli kwa alama ya dola, hicho ndicho kinachotokea, na unarudi kwenye sarafu zako bila kujua. Utagundua kwa kuangalia mtawanyiko wa ushindi katika majimbo 32: ukiwa chini ya viti 3, kuna kitu umekosea.

Ishara za pembeni, na uzito wake

Kuna kanuni ya mitaani ya wanasiasa wa Tokyo inayobeba jina la Mikio Aoki, kigogo wa zamani wa LDP: jumlisha asilimia ya wanaokubali baraza la mawaziri na ya wanaounga mkono chama kikuu, ikishuka chini ya 50 serikali iko mashakani. Itumie kama kipimajoto, usiigeuze fomula ya viti.

Uchaguzi wa Bunge la Jiji la Tokyo una uzito zaidi unapoangukia wiki chache kabla. Tarehe 22 Juni 2025 LDP ilipata viti 21 humo, idadi ndogo kuliko wakati wowote. Yaliyofuata Julai yalikuwa na harufu hiyohiyo. Lakini Tokyo si mashambani: ishara hiyo husema zaidi kuhusu orodha ya kitaifa na majimbo makubwa kuliko Saga au Yamaguchi, ambako LDP ilishinda.

Idadi ya wanaojitokeza ni ya kuchunga kwa macho mawili. Mwaka 1995 walijitokeza asilimia 44.52. Mwaka 1998 muda wa kupiga kura uliongezwa, wakapanda hadi 58.84, na LDP iliyotarajiwa kufanya vizuri ikaambulia viti 44. Waziri mkuu Hashimoto akajiuzulu. Mwaka 2025 wakapanda kutoka 52.05 hadi 58.51. Wanaoongezeka ni wasio na chama, nao mara nyingi huja wakiwa na hasira. Hata hivyo usisubiri jumla ya siku ya mwisho: kura ya mapema hufunguliwa siku moja baada ya kampeni kuanza, takwimu zake hutolewa kampeni zikiendelea, na mwaka 2025 zaidi ya watu milioni 26 waliitumia. Ndiyo sababu kashfa ya siku tatu za mwisho siku hizi hubadilisha kidogo kuliko zamani. Sehemu kubwa ya kura imeshaingia sandukuni.

Usiku wenyewe

Vituo hufungwa saa mbili usiku, na vingine mapema zaidi. Dakika hiyohiyo televisheni hutangaza makadirio yake kutokana na mahojiano ya waliotoka kupiga kura, na washindi wa majimbo ya wazi hutajwa kabla hata kura moja haijahesabiwa. Usihangaike na majina makubwa. Kabla ya siku hiyo chagua majimbo manane ya kiti kimoja ambayo mfano wako unayapa kati ya 0.55 na 0.8. Kama LDP imetangazwa katika sita au zaidi mapema, kosa la kitaifa liko upande wake, na unaweza kupandisha. Kama manane yote bado hayana jina ifikapo saa tatu na nusu, shusha, kwa sababu jimbo la LDP linalochelewa kutangazwa kwa kawaida ni jimbo lililo taabani. Viti vya mwisho vya orodha ya kitaifa hujulikana alfajiri, hivyo muungano unaohitaji kimoja au viwili kutoka huko utakukeshesha.

Hesabu inayofuata

Wajumbe waliochaguliwa 2022 wanamaliza muda wao tarehe 25 Julai 2028. Akiba ya uchaguzi huo ni mavuno ya 2025, na mavuno hayo ni haba. LDP ilipata 39, Ishin 7: jumla 46. Muungano wa hao wawili utahitaji 79 kati ya 124, bila kuhesabu mabadiliko ya wajumbe yatakayotokea katikati. Mwaka 2022, mwaka mzuri kwa vyote viwili, LDP ilipata 63 na Ishin 12, yaani 75. LDP na Komeito wakirudiana wangeanza na 47 na kuhitaji 78. Mwaka 2022 walipata 76. Kiti cha Tokyo cha miaka mitatu kilichukuliwa na CDP, chama cha upinzani, kwa hiyo hakipunguzi akiba ya upande wowote kati ya hizo, na mwaka 2028 kitarudi kikiwa kimoja kati ya vile sita vya kawaida vya Tokyo. Hesabu orodha rasmi ya viti itakapotoka, kabla ya kugusa kura yoyote ya maoni.